Mjusi ndevu wako ale mdudu gani? Mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Mama yangu yuko Bukoba, mi niko Columbus, Ohio, na siku niliyomwambia kwenye simu kwamba ndo nimetoka kununua mende alikaa kimya kidogo afu akauliza, "Mende wa kufanyia nini, baba?" Nikamwambia wa kumlisha mjusi wa mjukuu wako. Alicheka mpaka akakata simu. Si unajua kwetu senene wakianguka watu hawalali, tunawakamata, tunawanyofoa mbawa na miguu, tunakaanga tunakula wenyewe, sasa leo mwanawe anatoa hela mfukoni kumnunulia mjusi wadudu, tena mjusi ana taa mbili za kwake na kona yake ya joto kuliko sisi watu wa chumba cha pili.

Ila ndo hivyo, mjusi ndevu akishaingia nyumbani mtoto anabaki na kucheza, mzazi anabaki na kazi. Nawaandikia wazazi wenzangu mlioko huku ughaibuni ambao mtoto kaleta huyu mnyama, afu mmesimama dukani mbele ya vikopo kumi vya wadudu na hamjui mshike kipi. Mi nilishika kibaya, ntaeleza mbele.

Kwanza umjue mwenyewe. Kisayansi anaitwa Pogona vitticeps, asili yake nyika kavu za ndani huko Australia, na kwao haruhusiwi kuuzwa nje kwa hiyo hawa wa madukani wote wamezaliwa kwenye mikono ya watu. Si mjusi kafiri wa ukutani, huyu ni mnene, mpole, na akikasirika anavimbisha koo lote linakuwa jeusi kama ndevu za mzee, ndo maana wetu tulimwita Babu. Kule porini anakula majani, maua, na wadudu wanaopita, na mvua ikinyesha kumbikumbi wakitoka anajaza tumbo hasa. Nilipolijua hilo nikamwona kama ndugu kabisa.

HATUA YA 1: Angalia umri kabla hujaangalia mdudu

Hapa ndo watu wengi wanapotea. Mdogo na mkubwa hawali sawa. Mdogo anajenga mwili, kwa hiyo kati ya asilimia 70 na 80 ya chakula chake iwe wadudu na kinachobaki majani. Akishakuwa mtu mzima, yaani kuanzia mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hivi, unageuza kibao: majani ndo asilimia 80 na wadudu wanakuwa kama kitoweo.

Kwa vitendo, chini ya miezi 4 unampa wadudu mara 2 au 3 kwa siku, kila mara anakula anavyoweza ndani ya dakika 10 halafu unatoa waliobaki. Miezi 4 hadi mwaka unapunguza polepole hadi mara 1 kwa siku. Mkubwa mara 2 au 3 kwa WIKI, sio kwa siku, na majani kila siku hata akiyanunia. Atayanunia sana, jiandae, anakuangalia kwa jicho moja kama mtu aliyeletewa ugali bila mboga.

HATUA YA 2: Elewa ugomvi wa kalsiamu na fosforasi

Ukielewa hapa mengine yote yanakuja yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mjusi anahitaji kalsiamu kwa ajili ya mifupa. Chakula anachokula, ukikichukua chote kwa pamoja, kinatakiwa kiwe na kalsiamu nyingi kuliko fosforasi, kama sehemu moja na nusu hadi mbili za kalsiamu kwa sehemu moja ya fosforasi. Tatizo ni kwamba karibu wadudu wote wanaouzwa wako kinyume. Mdudu hana mifupa, kwahiyo kalsiamu ataitoa wapi? Nyenje, wale wanaolia usiku, ana fosforasi kama mara 7 ya kalsiamu. Mabuu wa unga, wale vijiti vya njano, inafika mara 15 na zaidi. Fosforasi ikizidi hivyo inabana kalsiamu isifyonzwe tumboni, na damu ikikosa kalsiamu mwili unaenda kuichukua palipo na akiba, yaani kwenye mifupa yake mwenyewe. Taya linakuwa laini ukiligusa linabonyea, miguu inavimba, vidole vinatetemeka, mgongo unapinda. Huo ndo ugonjwa wa mifupa laini na ndo unaowaharibu wengi wa hawa wa majumbani, na mfupa ukishapinda haunyooki tena.

Afu kuna hili la taa. Kalsiamu bila vitamini D3 haiingii mwilini, na D3 mjusi anaitengeneza kwenye ngozi akipigwa na mwanga wa UVB, ile mionzi iliyomo kwenye jua. Kwa hiyo kama taa ya UVB hauna, au unayo lakini ina miaka mitatu (inawaka vizuri tu kwa macho yako lakini UVB imeshakwisha, zile za mrija mrefu zinazoitwa T5 badilisha kila mwaka), hata ukimlisha mdudu wa dhahabu ni kazi bure. Na sehemu yake ya kuota joto iwe nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi maana bila joto hasagi chakula, kinamlalia tumboni. Nunua taa kwanza, mende baadaye.

HATUA YA 3: Chagua mdudu wa msingi

Usitafute mdudu mmoja bora kuliko wote, hayupo. Tafuta mmoja au wawili wa kila siku, wenye protini ya kutosha na mafuta ya wastani, halafu wengine unawazungusha.

Mende dubia. Huyu ndo chaguo langu na natetea. Protini nzuri, mafuta si mengi, ganda lake laini kwa mjusi, hapandi ukuta wa plastiki laini, haruki kama nyenje, halii, hanuki ukimsafishia. Anazaa watoto hai kwa hiyo ukimpa joto la nyuzi 30 hivi na trei za mayai za karatasi utaacha kununua kabisa. Mke wangu alikataa miezi minne, neno mende tu lilimtosha, mpaka nilipomwonyesha kwamba hawa sio wale wa jikoni, huyu akitoroka kwenye nyumba yenye ubaridi hazaliani. Angalizo: Florida hawaruhusu dubia, na Kanada pia, huko watu wa Florida wanatumia mende aina ya diskoidi ambao wanakaribiana sana.

Nyenje. Wanapatikana kila duka, wana protini kama asilimia 20 na mafuta kama asilimia 7 tu kwa uzito wa mdudu mzima mwenye maji yake, na mbio zao zinamfanya mjusi afanye mazoezi. Kasoro zao unazijua ukikaa nao wiki moja: wananuka, wanakufa hovyo, wanalia usiku kucha, na wakibaki ndani ya tenki taa zikizimwa wanamng'ata mjusi amelala. Wahesabu wakiingia. Halafu mwaka 2009 na 2010 kulikuwa na virusi vilivyofagia mashamba makubwa ya nyenje wa kawaida Marekani, na Ulaya vilikuwa vimeanza kabla ya hapo, ndo maana sa hivi maduka mengi yanauza wale wenye mistari mgongoni, wako sawa tu kwa lishe ila wanaruka kama wamepandwa na mashetani.

Nzige. Kama uko Uingereza au Ulaya una bahati, nzige wa kufugwa wanauzwa madukani, hawanuki, hawalii, mjusi anawapenda kupita kiasi. Marekani huku hatuuziwi. Mtu wa pwani ukimwambia nzige wanauzwa kwa paketi atakuuliza kama umechanganyikiwa.

Mabuu wa nzi askari mweusi. Kama umewahi kuona wafugaji wa kuku Kenya na Tanzania wanavyozalisha wale funza kwenye mabaki ya chakula, ni hao hao, huku wanawekwa kwenye vikopo vidogo wanapewa jina la kibiashara. Hawa ndo pekee kati ya wanaouzwa sana ambao kalsiamu yao imezidi fosforasi bila wewe kuongeza kitu, zaidi ya mara mbili. Kwa mtoto wa mjusi ni wadudu wazuri mno. Mbona sasa nisiseme wape hawa tu? Kwasababu mafuta yao yako juu kidogo, kama asilimia 14, ni wadogo sana kwa mjusi mkubwa, na akiwameza bila kutafuna ngozi yao ngumu inawafanya watoke kwenye kinyesi wazima wazima. Hiyo niliiona kwa macho yangu nikadhani ni minyoo, nikabeba kinyesi kwenye kopo mpaka kwa daktari wa wanyama, akanicheka kwa heshima.

HATUA YA 4: Wa kuzungusha, na wale wa peremende

Viwavi wa hariri ni wazuri sana, mafuta kidogo, laini, wanafaa hata mjusi mgonjwa, ila bei na upatikanaji ni shida. Honwomu, wale viwavi wakubwa wa kijani kibichi, asilimia 85 hivi ni maji. Ukimwona mjusi hajanywa au kinyesi kigumu mpe mmoja au wawili. Wanakua usiku na mchana, ukimnunua wa urefu wa ukucha Jumatatu, Ijumaa yuko kama kidole gumba, kwa hiyo waweke sehemu ya baridi kidogo. Usichume wa kwenye nyanya za bustani, majani ya nyanya yana sumu inayobaki mwilini mwao, hawa wa dukani wamelishwa chakula maalumu.

Supawomu sasa, wale mabuu wanaofanana na wa unga ila wakubwa zaidi. Hapa ndo kosa langu lilipo. Nilivyoanza nilimuuliza kijana wa dukani mjusi anapenda nini, akanipa kopo la supawomu 100, na kweli Babu aliwapenda, alikuwa anasikia mfuniko tu anakuja mbio mpaka kwenye kioo. Sikujua kwamba mafuta yao yanakaribia asilimia 18 na kwamba kupenda na kufaa ni vitu viwili. Miezi mitatu akawa hataki jani hata la kudanganyia, uzito ukafika gramu 560, kwapani kukaotea mito ya mafuta. Daktari akasema ini likijaa mafuta hatutarudi nyuma, mwachishe supawomu leo. Na juu ya hapo kopo la mwisho nililiweka kwenye friji nikidhani natunza, asubuhi wote weusi wamekufa, maana supawomu hawavumilii friji, wanaovumilia ni mabuu wa unga. Nilitupa kopo zima kabla mke wangu hajafungua friji kutafuta maziwa.

Kwa hiyo supawomu wawili watatu kwa wiki kwa mkubwa, basi. Mabuu wa nta wenyewe ni siagi inayotembea, robo ya uzito wao ni mafuta, hao ni peremende, mmoja akimeza dawa. Mabuu wa unga wana ganda gumu kwa tumbo la mtoto, kwa mkubwa si mbaya mara moja moja. Ile hadithi ya kwamba mabuu wanamtoboa mjusi tumbo kutokea ndani ni uongo, anawatafuna kwanza na tumbo lina asidi, usipoteze usingizi.

Waliokaushwa kwenye mikebe? Ni kama dagaa bila maji, mjusi anapata maji mengi kupitia mdudu hai, kwa hiyo hao wawe wa dharura tu.

HATUA YA 5: Pima ukubwa kwa macho yake

Mdudu asizidi nafasi iliyoko kati ya macho mawili ya mjusi. Sheria ni hiyo tu. Mkubwa zaidi ya hapo anaweza kumkwama, na kwa wadogo inawahi kuleta kupooza miguu ya nyuma. Ukiwa na shaka chukua mdogo, afadhali amalize ishirini wadogo kuliko mmoja amkwame.

HATUA YA 6: Mshibishe mdudu kabla mjusi hajamla

Mdudu wa dukani mara nyingi amekaa siku kadhaa na kipande cha karatasi na kiazi kilichokauka. Ukimpa mjusi wako huyo umempa ganda tupu. Kilichoko ndani ya tumbo la mdudu ndo kinachomfikia mjusi, kwa hiyo masaa 24 hadi 48 kabla wape kula vizuri.

Mimi natumia nilichonacho jikoni na hapa ndo sisi waswahili tunawapita wazungu. Sukuma wiki, karoti iliyokwaruzwa, kiazi kitamu, boga, vipande vya chungwa kwa maji. Sukuma ina kalsiamu nzuri na tunayo kila siku, nakata kwa ajili yetu, mishipa ile migumu ya katikati inaenda kwa mende, majani laini kidogo yanaenda kwa Babu mwenyewe. Jumamosi unakuta mbao moja ya kukatia inahudumia familia, mende na mjusi, mtoto anasimamia foleni. Mchicha na spinachi usiweke sana, zina oksaleti inayokamata kalsiamu. Maji usiweke kwenye kisahani wazi, wadudu wanazama, tumia tunda au vile vidonge vya jeli. Na chakula cha mbwa usiwape, kuna watu wanafanya hivyo kwasababu mende wanakua haraka lakini protini ikizidi mende wanahifadhi asidi ya uriki, na mjusi akila hao mfululizo figo zake ndo zinalipa.

Parachichi pia usiwape na mjusi usimpe kabisa, kwake ni sumu.

HATUA YA 7: Pakaza unga

Hata mdudu aliyeshiba hafikishi ile hesabu ya hatua ya 2, kwa hiyo lazima unga wa kalsiamu. Chukua mfuko wa plastiki au kikombe kirefu, weka wadudu wa mlo huo, kijiko kidogo cha chai kisichojaa nusu, tikisa taratibu. Wakitoka wawe kama maandazi yaliyonyunyiziwa sukari ya unga, sio kama yaliyodondoka kwenye pipa la ngano. Wape papo hapo, nyenje hasa wanajisafisha, ukienda kupokea simu ukirudi unga uko chini.

Mdogo: kalsiamu siku 5 kwa wiki. Mkubwa: kila unapompa wadudu, yaani mara 2 au 3. Vitamini mchanganyiko mara 1 kwa wiki kwa mdogo, kwa mkubwa kila wiki mbili, siku hiyo usichanganye na kalsiamu. Kama UVB yako ni nzuri unga uwe ule usio na D3 siku nyingi, wenye D3 uje mara moja moja, maana D3 ikizidi kwa njia ya mdomo inadhuru na haitoki kirahisi. Jike akiwa na mayai muulize daktari, mahitaji yake yanapanda. Mabuu wa nzi askari mweusi hawahitaji kupakazwa, na ngozi yao inateleza, unga hauwashiki hata ukitaka.

WA KUKWEPA KABISA

Vimulimuli. Hapa sitanii. Kwa sisi wa Ohio kuanzia mwezi wa sita jioni uani panameremeta, watoto wanawakamata kwenye chupa, na mtoto mwenye mjusi atawaza jambo zuri kabisa la kumpa Babu kimoja. Kimulimuli kina sumu ya kuusimamisha moyo na mjusi ndevu hana akili ya kukitema, kwao Australia hakukutana na aina hizi, na kimoja tu kinatosha kuua mjusi mzima. Visa vya namna hiyo viliandikwa na watafiti mwaka 1999. Mwambie mtoto leo, usisubiri kiangazi.

Wengine: wadudu wa uani kwa ujumla, kwasababu hujui jirani kapuliza dawa gani kwenye majani yake, na wanaleta minyoo. Nyuki, nyigu, nge, buibui wa sumu, sidhani kama nahitaji kueleza. Mende wa jikoni aliyepita kwenye dawa, hapana.

KUWATUNZA NA KUWAAGIZA

Kuagiza onlaini ni rahisi kuliko dukani ukinunua wengi, ila baridi ya Januari inaua kifurushi kikikaa mlangoni masaa mawili. Agiza wafike posta au sehemu ya kuchukulia, omba kipasha joto ndani ya boksi, na fungua siku hiyo hiyo. Wafu watoe kabla hawajanuka maana wanaua wazima. Nyenje wapewe kontena lenye hewa na trei za mayai, mende gizani na joto, mabuu wa nzi sehemu ya baridi kidogo kama kabati la chini lakini sio friji.

PIMA, USIKISIE

Mzani wa jikoni, kila Jumapili, kwenye daftari. Angalia kinyesi: sehemu ya kahawia iwe imeshikana na ile nyeupe iwe laini, kikiwa cha maji siku tatu mfululizo peleka sampuli. Angalia kwapa kama panavimba na mkia kama unakonda. Mdogo uzito upande kila wiki, mkubwa usimame palepale.

Wiki yetu kwa sasa iko hivi, na ni ya mkubwa: Jumatatu mende 8 wenye kalsiamu, Alhamisi mende 6 na kiwavi cha hariri kikipatikana, Jumamosi kila wiki ya pili nyenje wenye vitamini, majani kila asubuhi kabla taa haijapata joto sana. Supawomu mtoto anaruhusiwa kumpa kimoja akifaulu hesabu. Ilichukua miezi minane kutoka gramu 560, na Jumapili hii mzani umesoma 438.